Sala ya Viganja

Juma lililopita nilikuwa nimepiga magoti nikifuta maji yaliyomwagika jikoni, hapa Lubumbashi, kwenye nyumba tuliyohamia karibuni. Jirani wa nyuma ana mashine ya kusaga mahindi, nami sikuwa na habari. Aliiwasha nikiwa na viganja vyote viwili sakafuni. Kabla hata sijasikia kelele, nilihisi mtetemo mdogo ukipanda kutoka chini mpaka kwenye viwiko. Niliacha kitambaa palepale, nikatoka nje peku, nikasimama barabarani nikihema. Mume wangu alinikuta huko akadhani nimeona nyoka. Nilimwambia ndiyo, ni nyoka, maana ningeanzia wapi?

Basi nianzie Kasulo. Nyinyi wa rika langu mliokulia Kolwezi mnaujua mtaa ule, na ambao hamkukulia huko itabidi mniamini. Watu waligundua kwamba kobalti iko chini ya vitanda vyao, nao wakachimba chini ya vitanda vyao. Sisemi kwa kejeli, ndivyo ilivyokuwa. Nyumba za wengine zina stoo, zetu zilikuwa na shimo. La kwetu lilikuwa chumbani kwa baba, limefunikwa kwa turubai la bluu, na baba alisema linaelekea barabarani, upande wa jua kuzama. Nilimwamini. Alikuwa baba, na juu ya hayo alikuwa shemasi.

Mama alikuwa Fungurume siku zote za juma, akiuza samaki wa chumvi kwa wafanyakazi wa mgodi, akirudi Jumamosi na harufu ya samaki hao. Nyumbani tulibaki watatu: baba, kaka yangu Trésor aliyekuwa na miaka kumi na tisa, nami mwenye kumi. Kazi yangu ilikuwa kuwaita chakula kikiiva. Mdomoni mwa shimo palisimama bomba la chuma, nami nililigonga kwa jiwe mara nne. Mtaa mzima ulitumia ishara hiyo: mara nne, panda juu. Kila mchimbaji alikuwa na namna yake ya kuitika ili aliye juu ajue ni nani. Yaya Trésor, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya, aligonga mbili za haraka, akanyamaza kidogo, halafu moja. Nikiisikia ile moja ya mwisho ndipo nilipopakua bukari, ugali wetu.

Shule yetu ilikuwa nyuma ya ua wetu, shule ya msingi ya kanisa, madarasa sita ya matofali na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Katika mtaa mzima ule ndio ulikuwa uwanja pekee ambao haujatobolewa, na sisi watoto tuliringa kwa hilo kama wengine wanavyoringa kwa timu ya mpira. Wazazi walikuwa wamefanya agano. Kila Pasaka walikuja na chokaa, kila mmoja konzi yake, wakaimwaga chini kuuzunguka uwanja mpaka ukawa na mstari mweupe kutoka kona hadi kona. Nje ya mstari, chimba unavyotaka. Ndani ya mstari, hapana. Aliyesoma maneno ya agano ni baba yangu, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kutetemesha kifua. Nilishika kopo la chokaa karibu naye na kujiona binti wa nabii.

Mkuu wa shule alikuwa Mama Anjeli. Sote tulimwita Mama Direktrisi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya soli nene na macho ambayo hayakucheka hata mdomo ulipocheka. Mume wake alifukiwa na udongo kwenye shimo moja huko nje ya mji na hakutolewa kamwe. Yeye ndiye aliyeanzisha sala ya viganja. Saa sita kamili, kabla ya kwenda nyumbani, shule nzima ilipiga magoti kati ya madawati na kuweka viganja sakafuni.

"Batata benu na bayaya benu beko chini," alituambia siku ya kwanza, akimaanisha baba na kaka zetu walioko mashimoni. "Sisi tuko juu. Weka mikono chini, useme jina yake polepole, Mungu anasikia."

Tulifanya hivyo kila siku. Hebu wazia, watoto mia mbili wameinama, kila mmoja ananong'ona jina la mtu wake aliye chini. Mimi nilinong'ona mawili. Hapakuwa na wimbo wala amina ya pamoja, ukimaliza unanyanyuka. Yeye alipita katikati yetu taratibu, akihakikisha hakuna anayemfinya mwenzake, na yeye mwenyewe akiomba kwa kusimama kwa sababu ya magoti yake mabovu.

Ndipo siku moja sakafu ikaitika.

Ilikuwa ndogo sana. Tk, tk, tk, chini ya kiganja cha kulia. Nilifikiri ni damu yangu mwenyewe. Nikabadilisha mkono, ikabaki. Nikamtazama Zaina aliyekuwa jirani yangu, binti wa mwenye lori, familia ya Kiislamu kutoka Maniema. Baba yake alimleta kwetu kwa sababu shule ilikuwa karibu na walimu hawakosi kuja. Zaina naye alikuwa ametulia huku amekunja uso.

"Unasikia?" nilimuuliza.

"Mi nasikia. Ni bantu banachimba."

"Banachimba wapi? Hapa hakuna shimo. Chokaa iko."

"Mi nakuambia kile nasikia."

"Ni juu hauna imani," nilisema, na nilisema kwa sauti, ili darasa lote la tano lisikie.

Zaina aliinamisha kichwa. Ninaona aibu kuandika hili. Sauti ya kuchimba niliijua kuliko alivyoijua yeye, nililala nayo na kuamka nayo. Lakini akili yangu ilikwenda hivi: chini ya shule hapachimbwi, kwa sababu baba amesoma agano. Kwa hiyo sauti hii inatoka mbali, kwenye mashimo ya baba zetu, na kinachoileta mpaka hapa ni sala. Tunataja majina, na Mungu anatuonyesha kwamba wako hai. Kwangu hesabu hiyo haikuwa na kosa. Nikaieleza darasani, nikaieleza uwanjani, na baada ya juma moja hata darasa la kwanza walikuwa wanahisi, pamoja na wale waliokaa upande ambao hapakuwa na kitu cha kuhisi. Zaina mwenyewe alisema sasa anahisi Mungu. Nilimkumbatia nikamsamehe, mimi nimsamehe yeye.

Naomba msicheke bado, maana kilichofuata kilikuwa kizuri. Sijawahi tena kuona watu wakipendana vile. Wavulana wa darasa la sita, waliokuwa wakipigana kila mapumziko, waliacha. Mtoto ambaye kaka yake alikuwa shimoni alipewa nafasi pale ambapo mtetemo ni mkubwa zaidi, karibu na ubao. Watoto Wakatoliki wa mtaa wa pili walikuja saa sita kuomba nasi, na wazazi wao hawakuwakataza. Kisha vikaja vitu. Yalikuja mabati mapya badala ya yale yaliyotoboka, na baada yake madawati mapya yenye harufu ya vanishi. Mama Direktrisi alituambia ni zawadi ya kamati ya wazazi, tukawaombea wazazi wetu kwa majina, mmoja mmoja. Mimi niliona ni jibu lingine. Tuliimba tukikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, kama kwaya inavyokanyaga, mpaka vumbi likapanda.

Mama Direktrisi tulimweleza kuhusu sauti. Alitabasamu na kusema mtoto anayeomba vizuri husikia mengi. Hakuinama. Baba nilimweleza jioni, akiwa ananawa mikono kwenye beseni uani. Aliacha kunawa.

"Munasikia saa ngapi?"

"Saa sita, tata. Wakati ya sala."

Maji yalichuruzika kutoka vidoleni mwake kwa muda mrefu. Nilidhani ameguswa. Nilijivuna kwamba nimemgusa shemasi.

Kesho yake sakafu ilinyamaza, na keshokutwa yake pia. Siku ya tatu watoto walianza kunitazama, na mmoja akasema labda ni dhambi ya mtu. Nilijua dhambi ni yangu, kwa namna nilivyomfanyia Zaina, nikaamua kufunga. Siku mbili sikula. Nilipakua bukari ya baba na ya Yaya, nikakaa pembeni na mikono mapajani. Baba alinibembeleza, akanitisha, kisha akaniuliza kulikoni, nikamwambia huku nikilia kwamba Mungu ametuacha pale shuleni. Aliinuka bila kumaliza chakula chake. Jumatatu sauti ilirudi, tena yenye nguvu kuliko mwanzo. Yaya Trésor aliniambia miaka mingi baadaye, tukiwa tunakunywa chai, bila hata kunitazama: "Tata njo alinituma. Alisema gonga, mutoto anakufa njaa." Sijui nifanye nini na upendo wa namna hiyo. Nimejaribu kuuchukia na umenishinda.

Halafu ikaja siku ya wazazi. Ilikuwa Ijumaa, asubuhi. Darasa la tano na la sita yalitenganishwa na pazia tu, likaondolewa, pakawa ukumbi. Watoto tulikaa mbele, chini, na wazazi kwenye yale madawati mapya nyuma yetu. Baba alikaa karibu na mlango, Biblia mapajani, kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea wageni. Mwenyekiti wa kamati, Tata Mbuyu, baba wa rafiki yangu mmoja, alisema kwamba shule yetu imekuwa taa ya mtaa, na kwamba amesikia Mungu anasema na watoto. Wakaniita nitoe ushuhuda.

Nilitoa. Nilieleza kila kitu, mpaka kufunga kwangu. Akina mama wengine walipangusa macho kwa kitenge. Nilipomaliza, Tata Mbuyu akasema sote tupige magoti, wakubwa kwa wadogo, tuweke viganja chini. Walipiga magoti. Niliona vichwa vya wanaume wakubwa vimeinama mpaka karibu na saruji, na sakafu ikaanza, tk, tk, tk, na watu wakalia. Walilia kwa kweli, sikubuni. Mpaka leo sijui walikuwa wanalilia nini.

Mama Direktrisi alikuwa mbele karibu nami. Siku hiyo, kwa heshima ya wazazi, alishika kona ya meza akajishusha taratibu kwenye magoti yake mabovu, akaweka viganja chini kwa mara ya kwanza. Nilikuwa namtazama, nikingoja uso wake ung'ae. Uso wake ulikauka. Aliinua mkono mmoja watu wanyamaze. Akavua kiatu kimoja, akakishika kwa ncha, na kwa ile soli nene akagonga sakafu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Chini palinyamaza. Kisha likaja jibu. Mbili za haraka, kimya kidogo, moja.

Nataka mwelewe kwamba sikusema kwa ushujaa. Wala sikusema kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Nilifikiri Yaya amepotea. Nilifikiri ametoka shimoni kwetu akielekea barabarani, akakosea njia gizani, na sasa yuko chini ya shule anaomba msaada, na kwamba kila mtu humu atainuka kukimbilia majembe, kama mtaa ulivyofanya kila mara mtu alipokwama. Niligeuka nikamwita baba mbele ya watu wote.

"Tata, Yaya Trésor alipotea njia. Iko chini yetu hapa. Ni yeye, mi najua namna yake."

Hakuna aliyeinuka.

Hilo ndilo linalonishtua mpaka sasa, kuliko shimo lenyewe. Nilitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine, nikitafuta hata mmoja aliyeshangaa. Watoto walishangaa. Zaina alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mama Direktrisi alikuwa ameshika kiatu hewani. Lakini wazazi walikuwa wanatazama magoti yao, wanatazama dirisha, wanarekebisha kitenge. Akina mama niliowasaidia kuchota maji. Wanaume waliomwaga chokaa. Baba alikuwa amefumba macho kama mtu anayeomba.

Tata Mbuyu alikohoa. "Tulibaambia bapite pembeni, mama," alisema kwa upole, akimsemesha Mama Direktrisi na si mimi. "Tulisema basifike ku madarasa. Paka pembeni tu."

"Wewe ulijua," alisema Mama Direktrisi.

"Si mi peke yangu. Ni kamati. Na bazazi bengine." Akanyoosha kidole juu. "Ile mabati ilitoka wapi, mama? Madawati ilitoka wapi? Tulifanya kwa batoto."

Mama Direktrisi alitazama juu, kwenye mabati aliyomshukuru Mungu kwa ajili yake, na mkono wake ukaenda mdomoni. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alivaa kiatu chake, akafunga kamba, akasimama kwa shida. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ileile ya kutufundisha kuhesabu.

"Batoto, vua viatu. Tutatoka inje polepole, mustari kwa mustari. Hakuna kukimbia, hakuna kuruka. Darasa la kwanza mbele."

Tulitoka hivyo, viatu mikononi, tukinyata. Ilichukua muda mrefu. Hakuna mtoto aliyelia. Nilipopita karibu na baba mlangoni alifungua macho na midomo yake ikasogea, lakini sikusikia kitu. Mama Direktrisi alikuja na wa mwisho mpaka kizingitini, akatuhesabu kwa kidole, akatuambia twende mpaka ng'ambo ya uwanja, tukae kwenye majani karibu na choo. Kisha hakutoka. Aligeuka akarudi katikati ya chumba, kwa hatua zake za kawaida, na kupitia mlango uliokuwa wazi tulimsikia sote.

"Bazazi, mubaki. Batoto bameomba pa sakafu hii mwaka muzima, kila siku. Ninyi ni dakika moja tu. Tuombe pamoja."

Tulimwona akijishusha tena kwenye magoti, taratibu, akiwa hana meza ya kushikilia. Akaweka viganja chini.

Wa kwanza kutoka alikuwa mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni, na hakuna anayeweza kumlaumu. Wa pili alikuwa baba yangu.

Hakukimbia. Alitembea kwa ncha za vidole vya miguu, magoti yamekunjwa, mikono imetanda kidogo pembeni, akichagua pa kuweka kila mguu, jinsi mtu anayejua vizuri kilichoko chini anavyotembea. Wengine wakamfuata vivyo hivyo, shati na tai, kitenge cha Jumapili, kamati yote, kimya, kwa mstari, mpaka ndani akabaki Mama Direktrisi peke yake akiyataja majina yao.

Baba alikuja moja kwa moja mpaka pale tulipokaa. Alipita karibu yangu, akaenda nyuma yangu, nyuma ya watoto wote, akasimama mbali kuliko mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo alipopata sauti.

"Usiogope, mutoto wangu," aliniambia. "Udongo iko nguvu."